Kupanda sina shida, kushuka magoti yanawaka moto: nirudi Kilimanjaro au niache?

*"Habari mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 46, nina kilo 84, naishi Dar es Salaam. Mwaka jana nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku sita, nikafika kilele cha Uhuru bila shida kubwa. Kasheshe ilianza wakati wa kushuka. Kama saa moja chini ya kambi ya Barafu magoti yakaanza kuuma kwa mbele, nyuma ya pia (kile kifupa cha mbele ya goti), la kulia zaidi. Tulipofika kambi ya Mweka nilikuwa nakokota mguu, na kesho yake kwenye zile ngazi za msituni nilishuka kiubavu, wazee wananipita. Maumivu yaliisha baada ya wiki tatu, ila hadi leo nikikaa muda mrefu kwenye basi au nikishuka ngazi za ofisini nayasikia kwa mbali. Hayajawahi kuvimba wala kukwama. Nilipiga X-ray, nikaambiwa 'yameanza kusagika kidogo'. Mume wangu anasema niachane na milima. Rafiki yangu ananinywesha maji ya bamia ili ute wa magoti urudi. Mwingine anasema asubuhi ya kushuka nimeze diclofenac. Nimeshanunua na soksi za magoti. Kikundi chetu kinarudi mwishoni mwa Februari, nimebakiwa na wiki 14. Natumia dawa ya presha. Niende au niache?"*

Dada yangu, nianze na neno linalokutisha kuliko mengine yote ingawa umelitaja kwa kupita: "kusagika". Picha ya X-ray inaonyesha mifupa na nafasi iliyo kati ya mifupa. Gegedu lenyewe, yaani ule utando mgumu, laini kwa juu, unaofunika ncha za mifupa, halionekani kwenye picha hiyo. Na mtu aliyevuka miaka 40 akipigwa X-ray ya goti, anaweza kuonekana na mabadiliko madogo hata kama goti lake halijawahi kumuuma siku moja. Kwa hiyo karatasi uliyopewa si uongo, lakini haielezi kilichokupata. Tatizo lililokuacha salama siku tano za kupanda, likaja saa moja chini ya Barafu, mteremko ukiwa umeshakuwa mrefu, likaondoka lenyewe kwa wiki tatu, halina tabia ya goti lililokwisha. Lina tabia ya goti lililobebeshwa kazi ambayo misuli yake haikuandaliwa.

Mahali unapopaonyesha pananisaidia pia. Maumivu ya mbele, nyuma ya pia, yanayochokozwa na kushuka ngazi na kukaa muda mrefu umekunja miguu, kwa kawaida hutoka kwenye kiungo cha pia na mfupa wa paja. Yangekuwa upande wa nje wa goti, ningeshuku ule ukanda mgumu unaoshuka kutoka nyongani hadi chini ya goti. Yangekuwa upande wa ndani, pamoja na goti kukwama au kuvimba, ningewaza vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyokaa katikati ya goti, na jibu langu lingekuwa jingine kabisa. Haya nayasema kwa maandishi uliyonitumia. Kabla ya kuanza mazoezi nitakayokueleza, mtaalamu wa fiziotherapia ayashike hayo magoti kwa mikono yake, mara moja tu.

Sasa tuje kwenye kushuka. Watu wengi huona kupanda ndiyo kazi na kushuka ni mapumziko, kwa sababu ukishuka huhemi. Ni kweli huhemi, maana kushuka kunatumia oksijeni kidogo. Hapo ndipo mtego ulipo: moyo na mapafu hayakupi onyo lolote huku mapaja yanamalizika. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikunja na kuwa mifupi huku ikikusukuma juu. Unapoteremka, misuli hiyo hiyo hufanya kazi huku ikivutwa na kurefuka, kwa sababu kazi yake sasa ni kukuzuia usiporomoke. Dereva wa lori anaposhuka Kitonga huweka gia ndogo ili breki zisiungue. Wewe gia ndogo huna, breki zako ni paja tu. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzinyuzi za misuli kwa kiwango kidogo sana, na ndiyo inayoleta yale maumivu ya mapaja ya siku ya pili na ya tatu yanayomfanya mtu ashikilie ukuta akitaka kukaa chooni.

Paja likichoka, linaacha kupokea kishindo. Goti linaanza kukunjika zaidi ya inavyotakiwa na kuingia kwa ndani kidogo kila unapokanyaga, na pia ya goti inagandamizwa kwenye mfereji wake. Ukitembea tambarare, mgandamizo huo hauzidi sana uzito wako. Ukishuka ngazi, hufika karibu mara tatu ya uzito wako au zaidi. Halafu piga hesabu ya siku ile. Mliondoka Barafu, mita 4,673, kama saa 6 usiku, mkapanda zaidi ya mita 1,200 hadi 5,895. Kisha, bila usingizi na pengine bila hamu ya kula, mkashuka hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye mita 3,100 hivi. Ni karibu mita 2,800 za kuteremka. Kila hatua ikikushusha sentimita 20, hizo ni hatua 14,000, yaani 7,000 kwa kila goti. Na kesho yake mita nyingine 1,460 hivi hadi lango la Mweka. Dar ni tambarare. Hakuna siku hata moja ya maisha yako ya kawaida inayokuandaa kwa hilo, hata ukikimbia ufukweni kila asubuhi.

Kuna habari njema ndani yake. Misuli iliyoumizwa na kushuka hujenga kinga haraka kuliko unavyodhani. Ukishuka mteremko wa kutosha mara moja, ukapona, mteremko wa pili wa namna hiyo utakuumiza kidogo tu, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Wapagazi wana magoti kama ya kwako. Tofauti ni kwamba wao wanashuka mlima huo mara kwa mara.

Bamia endelea kula, ni mboga nzuri. Lakini ule mlenda ukifika tumboni unasagwa na kumeng'enywa kama chakula kingine, hauna njia ya kusafiri ukiwa mlenda hadi gotini. Ute wa goti hutengenezwa na utando wa ndani ya goti lenyewe, na hauishi kama grisi ya beringi. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute huo kila goti linapobanwa na kuachiwa, yaani unapotembea. Kulipumzisha goti miezi na miezi ili "lisisagike" ni kulinyima chakula. Hata milio ya "ka-ka-ka" ukichuchumaa, kama haiji na maumivu wala uvimbe, haina maana yoyote. Ndiyo maana siwezi kumuunga mkono shemeji kwenye hoja ya kuacha milima, ingawa naelewa hofu yake.

Kazi yenyewe ni wiki hizi 14, na zoezi la maana kuliko yote ni moja. Chukua tofali la inchi sita, ulilaze kwenye sakafu iliyonyooka lisitikisike. Hapo una kimo cha sentimita 15. Simama juu yake kwa mguu wa kulia, vidole vikielekea mbele, wa kushoto ukining'inia mbele ya tofali. Kunja goti la kulia taratibu, uhesabu elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, hadi kisigino cha kushoto kiguse sakafu. Kiguse tu, usikitupie uzito. Kisha rudi juu. Simama mbele ya kioo ulitazame goti linalofanya kazi: pia ya goti ielekee kidole cha pili cha mguu muda wote. Likianza kuingia kwa ndani, au kiuno kikidondoka upande mmoja, umefika mwisho wa uwezo wako wa siku hiyo hata kama hesabu haijatimia. Fanya mara 10 kila mguu, pumzika dakika moja na nusu, rudia hadi raundi tatu. Siku tatu kwa wiki, usiziunganishe. Ukiona 10 zimekuwa rahisi kwa wiki mbili mfululizo, panda hadi kimo cha ngazi ya kawaida, kati ya sentimita 18 na 20, kisha vaa begi la kilo 5.

Sehemu ambayo watu hukosea ni ile ya hesabu tatu. Wanadondoka haraka kisha wanajisukuma juu kwa nguvu, wakidhani kupanda ndiko zoezi. Hapa kupanda hakuna maana. Ukitaka jisaidie kwa mkono ukutani wakati wa kurudi juu. Tunachokifundisha ni kule kushuka.

Utaumia kidogo, na unahitaji kipimo cha kujua kidogo ni kiasi gani. Jiwekee mizani ya 0 hadi 10. Maumivu ya goti hadi 3 wakati wa zoezi yanakubalika, mradi yawe yamerudi ulipoanzia kufikia asubuhi ya pili. Yakipita hapo, punguza kimo, usiache zoezi. Kwa wiki mbili za kwanza, kama hata tofali linakuzidi, egemea ukuta mgongo ukiwa umenyooka, shuka hadi magoti yakunjike nusu ya njia ya kukaa kwenye kiti, ukae hapo sekunde 45, mara tano. Goti halisogei, lakini paja linafanya kazi, na mara nyingi hilo huyatuliza maumivu. Ongeza pia zoezi la nyonga: lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisigino kikiwa nyuma kidogo ya mstari wa mwili, mara 15, raundi tatu. Misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo inayolizuia goti lisiingie ndani.

Kisha ngazi za ofisini, hizo hizo zinazokuchokoza. Wanaojiandaa na mlima Dar utawaona wanapanda ghorofa kumi kwa miguu, jasho linawatoka, halafu wanashuka kwa lifti. Wewe fanya kinyume siku mbili kwa wiki: panda kwa lifti, shuka kwa miguu. Anza na ghorofa 15 kwa siku, ongeza tano kila wiki hadi ufike 60. Weka mguu kwa utulivu. Ukisikia viatu vinapiga "pa, pa, pa", unadondoka badala ya kushuka.

Hata hivyo tusidanganyane. Ghorofa 60 ni kama mita 180, na Kilimanjaro inakungoja na 2,800. Lazima upate mlima halisi mara tatu au nne kabla ya Februari. Vilima vya Pugu vinafaa kuanzia, lakini havitoshi. Kwa mtu wa Dar, Uluguru ndiyo jibu la karibu: kutoka Morogoro mjini hadi Morningside na kurudi ni siku moja, na unapata zaidi ya mita 700 za kuteremka kwenye njia ya udongo na mawe. Ukiona unaimudu, mara ya tatu lenga Bondwa. Weka safari hizi wiki ya 6, ya 9 na ya 11, na ya mwisho isiwe chini ya siku kumi kabla ya kupanda, ili misuli iwe imepona lakini kinga haijaisha. Msomaji wa Moshi anaweza kupanda kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara na kurudi siku hiyo hiyo. Wa Nairobi ana Longonot. Wa Mbeya ana Loleza mgongoni mwa mji.

Kuhusu uzito nitasema kifupi, maana najua umeshasikia mengi. Kwa watu wenye magoti yaliyosagika imepimwa kwamba kilo moja ikipungua mwilini, goti linapunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Ukipunguza kilo tatu au nne kwa wiki hizi 14, bila kujinyima hadi ukose nguvu za mazoezi, utaiona tofauti. Njia ya mkato ni begi la mgongoni: lisizidi kilo 5. Mengine yote apewe mpagazi, ndiyo kazi anayolipwa, ili mradi mzigo wake hauvuki kilo 20 zinazoruhusiwa.

Sasa kuna jambo ambalo hukuuliza na ambalo pengine litakusaidia kuliko soksi ulizonunua: njia. Machame, Lemosho na Umbwe zote hushukia Mweka, ambayo ni mteremko mkali kutoka juu hadi chini. Rongai na Marangu hushukia Marangu. Huko, baada ya kambi ya Kibo unavuka lile tandiko pana kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi ambako unatembea karibu tambarare, na siku ya kilele unashuka hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, yaani kama mita 2,175 badala ya 2,800. Njia yenyewe ni pana na ngazi ni chache. Kama kikundi hakijalipia, ningekushauri Rongai ya siku saba inayolala kambi ya Mawenzi Tarn, halafu mshukie Marangu. Marangu ya siku tano sikushauri, si kwa ajili ya magoti bali kwa sababu mwili haupati muda wa kuzoea hewa nyembamba.

Kama Machame haibadiliki, ongezeni siku iwe saba, na ombeni usiku wa mwisho mlale kambi ya Millennium, ambayo wengine huiita High Camp, mita 3,800 hivi, badala ya kushuka hadi Mweka siku ile ile. Hesabu inabadilika hivi: siku ya kilele mnashuka kama 2,100, na kesho yake, mkiwa mmelala na kula, mnashuka kama 2,160. Gharama yake ni siku ya mwisho kuwa ndefu. Na kuna sharti: asiwepo mwenye dalili za ugonjwa wa mwinuko. Mtu anayeyumba akitembea au anayeanza kuchanganyikiwa hana tatizo la magoti, na huyo halali juu. Anashushwa usiku huo huo, magoti yaume yasiume. Ombi la Millennium lipelekwe kwa kampuni kabla ya safari. Ukilitoa ukiwa Barafu, mpishi na mahema yameshatangulia Mweka.

Fimbo za kutembelea ni lazima, mbili, si moja. Vipimo vya maabara kwenye mteremko mkali vimeonyesha zinaweza kupunguza nguvu zinazoliangukia goti kwa asilimia 12 hadi 25. Ila zinapunguza zikitumiwa. Nyingi zinazoonekana mlimani zinaburutwa tu. Kwenye tambarare urefu wake ni ule unaofanya kiwiko kikunjike pembe mraba. Ukianza kushuka zirefushe sentimita 5 hadi 10. Ingiza mkono kwenye kamba kutokea chini kwenda juu, kisha ushike mpini pamoja na kamba, ili uzito ukae kwenye kifundo cha mkono na si kwenye vidole. Ncha zote mbili zitangulie kugusa chini kabla mguu haujashuka. Na kama unakodi Moshi, zifunge, uziegemee kwa uzito wako wote ukiwa bado dukani. Fimbo ikijifyatua na kuwa fupi kwenye mteremko ni heri usingekuwa nayo.

Unapotembea, fupisha hatua, goti liwe limelegea kidogo kila unapokanyaga, na kifua kiwe juu ya miguu. Hofu inamwambia mtu aegemee nyuma. Ukiegemea nyuma unateleza, na paja linafanya kazi mara mbili. Kwenye changarawe laini kati ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, na kambi ya Barafu zamisha kisigino na uache mguu uteleze kidogo. Pale changarawe ni rafiki wa magoti, jua likishaiyeyusha. Shida ni vumbi, kwa hiyo funika pua na uvae geta (vifuniko vya mguu wa chini vinavyozuia vumbi) juu ya viatu. Kwenye mawe magumu chini ya Barafu kanyaga kwa wayo wote. Mwongozaji akikuvuta mkono ili mkimbie chini, mwambie hapana. Yeye ana haraka ya haki, wewe una kesho ya kushuka tena.

Zile ngazi za magogo za msitu wa Mweka zina kanuni yake: shusha fimbo zote mbili kwenye ngazi ya chini, kisha mguu mbovu utangulie, mzima ufuate. Wengi hufanya kinyume wakidhani mguu mbovu ubaki nyuma salama. Kumbe mguu unaobaki juu ndio unaokunjika na kubeba mwili wote. Kwa kuwa lako ni la kulia, la kulia litangulie kila panapokuwa na ngazi ndefu. Kushuka kiubavu, ulikokuonea aibu, hakuna ubaya wowote.

Viatu navitaja kwa sababu kidole kinachogonga mbele hukufanya ubadilishe mkanyago, na goti linalipa. Kata kucha siku tatu nne kabla. Kila mnapoanza kushuka, kaa chini, fungua kamba, gonga kisigino nyuma ya kiatu, kisha kaza upya pale kwenye kifundo. Ukinunua buti za mitumba, bonyeza kwa ukucha ule mpira ulio kati ya soli na ngozi: ukipukutika au ukiacha alama isiyorudi, viache. Mpira huo huoza kwa umri hata kiatu kikiwa kipya machoni, na hubanduka siku ya kwanza ya matope.

Diclofenac ndiyo sehemu ninayotaka unisikie vizuri. Usiimeze. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofen, hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na hupandisha presha. Mlimani umepungukiwa na maji. Kama dawa yako ya presha ni ya kukojoza, au jina lake linaishia na "-pril" au "-sartan", kwa mfano lisinopril au losartan, tayari inagusa figo hizo hizo; ukijumlisha na Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ambayo nayo hukojoza, umezibana pande zote. Isitoshe, dawa hizo hutuliza kichwa na kuficha dalili ya ugonjwa wa mwinuko ambayo mwongozaji wako anahitaji kuijua. Ukihitaji kitu, paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500, si chini ya saa sita kati ya dozi na dozi. Dawa ya kupaka yenye diclofenac ni nafuu zaidi kwa sababu ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwenye damu, ila muulize daktari anayekupa dawa za presha. Na akitokea mtu wa kukushauri sindano ya goti wiki ya kuondoka, kataa. Maumivu yakizimwa, utaliumiza goti bila kujua.

Soksi za magoti vaa ukipenda. Zinalipa goti joto na kukufanya uliamini zaidi, hilo tu. Zisibane hadi mguu uvimbe, na zivue usiku.

Maumivu yakikuanza tena mlimani, mwambie mwongozaji yakiwa 3, usingoje 7. Mpe begi. Pumzika dakika tano kila nusu saa, kula kitu chenye sukari, kata mteremko kwa kupinda kulia na kushoto badala ya kunyoosha moja kwa moja. Kwa anayeshindwa kabisa kuna machela ya gurudumu moja, lakini aliyewahi kupandishwa atakwambia afadhali kutembea.

Dalili zifuatazo hazisubiri wiki 14: goti kuvimba ndani ya saa chache baada ya kujipinda au baada ya kusikia mlio wa kupasuka, kukwama lisinyooke, kulegea ghafla ukiwa umesimama, kushindwa kulikanyagia hatua nne, kuwa jekundu na la moto pamoja na homa, au maumivu yanayokuamsha usiku. Hapo nenda hospitali, na ukiwa Dar omba rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Kaskazini kuna hospitali ya KCMC, Moshi. Shavu la mguu likivimba na kuuma baada ya safari ndefu ya basi au ndege, usilikande. Ni la kwenda kuonwa siku hiyo hiyo.

Niende au niache? Jibu utalipata wiki ya 9, siku ya pili baada ya Morningside. Ukishuka ngazi za ofisini asubuhi hiyo mapaja yanauma lakini magoti yako chini ya 3, lipia safari. Magoti yakiwa 5 au zaidi, au ukishindwa kufanya zoezi la tofali mara 10 bila goti kuingia ndani, hamishia safari Juni au Julai, mvua za masika zikishapita, na uendelee na mazoezi yale yale. Ukienda Februari, wiki ya kwanza baada ya kurudi tembea tambarare dakika 20 kila siku, na zoezi la tofali lirudi siku ya kumi, kwa kimo cha chini.